Jenereta Chomboni: Upepo wa Saa Mbili Sio Upepo wa Saa Nane

Kuna maneno nimeyasikia kwenye kila diko, yaani bandari ya wavuvi, nililofika, kuanzia Mkokotoni mpaka Bumbwini hapa Unguja mpaka huko Tanga, na leo naomba niyaongelee kwa kirefu. Ukimwambia mtu wa dagaa kwamba ile jenereta aliyoipakia chomboni ina hatari anakujibu palepale, baharini upepo tele bwana, moshi unakwenda zake. Na anayekujibu hivo sio mtu asiyeijua bahari, mara nyingi anaijua kuliko mimi, anaangalia mawingu ya jioni anakwambia usiku utakuwaje, ndio maana vijana wanamwamini na ndio maana maneno yake yananitia wasiwasi.

Mimi ni fundi jenereta. Sio mvuvi, ingawa nimezaliwa kwenye nyumba ya wavuvi na nimeshakesha baharini mara nyingi nikifuata mashine iliyogoma. Wateja wangu wengi ni watu wa mitando ya dagaa, zile nyavu za kuzungushia, wananiletea vile vijenereta vidogo vya tangi la lita 4, vya kuvuta kamba, petroli imechanganywa na oili, chumvi imekula eksozi mpaka imetoboka, na wanachotaka ni kimoja tu, iwake kabla ya magharibi. Naitengeneza. Afu kabla haijaondoka namuuliza mwenyewe, utaiweka wapi? Hapo ndo mazungumzo yanapoanza.

Kwa wasioujua uvuvi huu, dagaa wanavuliwa kwa taa. Zikiingia siku za giza, mwezi haupo au unachelewa kutoka, vyombo vinatoka jioni, wanatafuta mahali, wanatia nanga, taa zinawashwa na dagaa wanaufata mwanga wanakusanyika chini yake, kisha mtando unazungushwa. Zamani taa ilikuwa karabai, mlioziwahi mnazikumbuka na zile soksi zake zinazokatika ukizigusa tu. Jenereta ilipokuja ikazipiga teke karabai sehemu nyingi, manake mashine moja inawasha taa nne tano kali na simu zinachajiwa humohumo. Na sehemu nyingi taa hazikai kwenye chombo kikubwa, kuna kiboti kidogo cha taa kinatiwa nanga peke yake, anakaa mtu mmoja au wawili, kazi yao kulinda mwanga mpaka dagaa wajae, wenzao wenye mtando wako pembeni wanasubiri ishara. Huyo wa kwenye kiboti cha taa ndiye ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya. Mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. Anakaa hatua mbili tu kutoka kwenye jenereta, saa nane, saa tisa, saa kumi, mvua ikija anajifunika turubai, na mashine isiloe na yenyewe inafunikwa turubai hilohilo.

Sasa tuje kwenye upepo, manake hapa ndo penyewe.

Chombo kikitia nanga pasipo mkondo mkali kinageuza omo, ndo mbele ya chombo, kuelekea upepo, na tezi, nyuma yake, inabaki demani, upande unakokwenda upepo. Ukiweka jenereta tezi, eksozi ikatazama nje, moshi unaondoka unakokwenda upepo na waliokaa omo hawaupati. Hesabu hii ni sahihi kabisa na manahodha wote wanaijua bila kufundishwa na mtu. Tatizo ni kwamba siku za giza ndio siku za bamvua. Mwezi ukiwa mwandamo maji yanapanda na kushuka kwa nguvu kuliko siku nyingi, hapa Unguja tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inafika karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali, yanapita kwenye nanga yako. Mkondo ukiwa na nguvu, chombo kinaacha kuufata upepo kinaufata mkondo. Na bamvua la kwetu lina saa zake, maji yanapwa kwenye saa nne usiku na yanajaa kwenye saa kumi alfajiri. Kwa hiyo mtu aliyetia nanga saa mbili maji yanatoka, ikifika saa nane maji yanaingia, chombo kimeshageuka, na upepo ambao saa mbili ulikuwa unakuja kwa omo sasa unaweza kuwa unakuja kwa tezi, unapita kwenye eksozi kwanza ndo unaingia chomboni. Hakuna aliyehamisha jenereta. Jenereta ipo palepale ilipofungwa, ila ule upande uliokuwa demani sasa ni joshini, unakotoka upepo.

Hapo sijaongelea shwari. Wavuvi wa dagaa wanaipenda shwari, maji yakitulia taa inazama vizuri na mtando hausumbui. Lakini shwari ndo usiku ambao moshi hauendi popote, unakaa juu ya maji kukizunguka chombo, na kama chombo kina mbavu ndefu au kimetandikwa turubai basi ndani kunajaa taratibu. Upepo wenyewe nao usiku una tabia ya kufa halafu unaanza upya kutoka upande wa nchi kavu. Mtu aliyelala hajui lolote kati ya hayo.

Niliwahi kumuuliza nahodha mmoja mtu mzima, tupo chini ya mkungu tunasubiri maji.

"Ami, jenereta umeifunga wapi?"

"Ipo tezi mwanangu, moshi unatoka nyuma."

"Na maji yakigeuka?"

Akakaa kimya, akaangalia chombo kilivyolala, afu akasema, "Yakigeuka na sisi tumegeuka." Alikuwa ameshanielewa kabla sijamaliza kusema, manake alichokosa sio elimu ya bahari, ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kilichomo ndani ya ule moshi. Kwake moshi ni kero ya macho na pua. Safari iliyofuata nikaona amechomeka kijiti karibu na eksozi, amefunga kipande cha kanga kuukuu, kinapepea kwenye mwanga wa taa. Kikianza kupepea kuelekea ndani anamwamsha mtu. Kitu kidogo kile kimenifurahisha kuliko vifaa vingi nilivyoviona vya hela nyingi.

Kilichomo ndani ya moshi ni kaboni monoksaidi, wataalamu wanaiandika CO. Haina rangi, haina harufu, haiwashi. Ni gesi ileile ya jiko la mkaa, ile ambayo kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko ndani ya chumba huko Arusha au Mbeya au Nairobi na asubuhi hawakuamka. Watu wetu wanaijua hatari ya jiko la mkaa, hakuna mzazi pwani hii asiyeijua, lakini hawajaunganisha kwamba jenereta inatoa gesi hiyohiyo, tena kwa wingi kuliko jiko. Injini hizi ndogo hazina kile kifaa cha kusafisha moshi kinachofungwa kwenye magari ya kisasa, na nyingi zinaunguza petroli nyingi na hewa kidogo, ndo zinavyotengenezwa ziwake kirahisi. Filta ikiziba, au kabureta ikivurugika, au mtu akisahau choki imefungwa, CO inazidi. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inasema jenereta moja ya mkononi, yaani ya kubebeka, inaweza kutoa CO sawa na mamia ya magari, na kwao watu kama 100 hivi wanakufa kila mwaka kwa sababu hiyo tu.

Na tafadhali usiipime kwa moshi unaouona kwa macho. Nimeletewa mashine za foo-stroku, zile zisizochanganywa oili kwenye petroli, safi kabisa, hazitoi hata wingu, mwenyewe anajisifia hii haina moshi. Ule moshi wa bluu unaouona kwenye tu-stroku, zile za kuchanganya oili, ni oili inayoungua. CO huioni kwenye ya zamani wala kwenye mpya.

Inavyoua ni hivi. Damu inabeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, na himoglobini inaishika CO kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo ukivuta hewa yenye CO kidogo tu, pumzi baada ya pumzi inajikusanya, inakalia nafasi ya oksijeni na haitoki upesi. Ikifika sehemu 200 kwa kila milioni ya hewa mtu anaumwa kichwa ndani ya saa mbili tatu. Ikifika 800, kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya dakika 45, na ndani ya saa mbili mpaka tatu anaweza kufa. Ikifika 6,400 kichwa kinauma ndani ya dakika moja mbili, na kufa ni robo saa tu. Mdomoni kabisa mwa eksozi ya jenereta ndogo kuna zaidi ya hapo. Mtu akiniambia nje hakuna shida namwambia nje ni neno kubwa sana, nje wapi, juu ya turubai au chini yake?

Kuna mambo mawili yametokea mbali na huku kwetu ambayo huwa nawasimulia watu dukani, manake yamechunguzwa na wataalamu mpaka mwisho. La kwanza ni Marekani, kwenye ziwa Powell, lile lililo kati ya Utah na Arizona. Agosti 2000 watoto wawili ndugu walikufa wakiogelea nyuma ya boti ya kulala. Wapo kwenye maji, juu kuna anga tupu. Ile jenereta ilikuwa ya kufungwa ndani ya boti, sio ya mkononi, lakini eksozi yake ilikuwa inatokea kwenye uwazi ulio chini ya jukwaa la kuogelea, gesi ikawa inajikusanya mle. Wachunguzi walivyokuja kupima wakakuta kwenye ule uwazi CO ya maelfu kwa milioni, kiwango cha kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na mwaka uliofuata boti za aina ile zikaagizwa zirudishwe kurekebishwa. Nawaambia vijana, hao hawakuwa chumbani. Walikuwa ziwani, mchana, kiangazi.

La pili ni Uingereza, ziwa Windermere, sikukuu ya Pasaka 2013. Mama na binti yake wa miaka 10 wamelala kwenye boti iliyofungwa gatini. Mwenye boti alikuwa ameweka jenereta ya mkononi ndani ya sehemu ya injini na kuifungia bomba la kienyeji la kutoa moshi nje. Bomba likachomoka. Moshi ukaingia kwenye chumba cha kulala, na vihisi vya gesi vilivyokuwemo kwenye ile boti vilikuwa havifanyi kazi. Wote wawili walikufa. Hii naisimulia kila mtu anapoleta wazo la kuiweka jenereta chini, kwenye ngama, pale chini ya chombo panapokusanyika maji, au ndani ya boksi la mbao isipigwe na maji, halafu eksozi tuiongezee bomba la kutoa nje, fundi si unaweza kuchomelea. Naweza kuchomelea, ila kazi hiyo siifanyi. Jenereta ya mkononi inatetemeka usiku kucha, chombo kinayumba, chumvi inakula chuma, bomba lolote utakalofunga litalegea na hautajua limelegea lini. Mashine ile imetengenezwa ikae nje kwenye hewa, basi ikae nje kwenye hewa.

Dalili zake ndo zinazochanganya watu zaidi, manake ni dalili za bahari. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito. Mtu akisema hivo chomboni anaambiwa umelewa bahari, nenda kalale. Na kwenda kulala chini ya turubai ndo kumaliza kazi. Hebu tujiulize, baharia wa miaka kumi analewa bahari siku ya shwari? Watu wawili watatu wanaanza kuumwa kichwa kwa pamoja, wote wamekaa upande mmoja, hiyo ni malaria gani inayopiga kwa zamu za jenereta? Kichwa kinachokuja taa zikiwaka na kinachopungua ukishuka pwani, hicho kina jina lake.

Diko la jirani na kwetu kuna kijana alikutwa kwenye kiboti cha taa amelegea, anaongea maneno hayaeleweki, ametapika. Wenzake walimvuta wakampandisha kwenye chombo kikubwa, na akiwa huko kwenye upepo akaanza kurudi taratibu. Alivyofikishwa nyumbani ikasemwa kapigwa na upepo mbaya wa bahari, akasomewa, akanyweshwa kombe, akapumzika. Akapona. Siku za giza zilizofuata akarudi kwenye kiboti kilekile na mashine ileile, na ikatokea tena, mara hii hafifu kidogo. Hapo ndo baba yake mdogo akaja kunitafuta, sio kwa ajili ya ugonjwa, kaleta jenereta akidhani inavuja umeme inampiga kijana shoti. Nikaikuta eksozi imepasuka kwenye maungio, moshi hautoki mwishoni kabisa, unatokea katikati, upande alikokuwa anakaa kijana. Mimi dua siipingi hata siku moja, nami nimesomewa utotoni na watoto wangu wanasomewa. Ninachoomba ni mpangilio tu, kwanza mtoe mtu kwenye moshi, mzime mashine, mpelekeni hospitali, na dua iendelee njiani.

Na hospitali semeni wazi, huyu alikuwa karibu na jenereta. Msiposema wanaweza kupima malaria wakaishia hapo. Kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni kinadanganyika na CO, kinaweza kuonyesha 98 wakati mtu hana oksijeni ya maana, manake hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba CO. Anachohitaji ni oksijeni ya mtungi kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya CO inatoka mwilini kwa saa nne tano hivi, kwa oksijeni ya mtungi ni saa moja au saa moja na nusu. Akiwa hapumui anzeni kumpulizia na kumkandamiza kifua hukohuko baharini msingoje kufika pwani. Na hata akiamka akasema nipo poa, mpelekeni, kuna wanaopoteza kumbukumbu au kubadilika tabia wiki kadhaa baadaye.

Petroli yenyewe nayo sijaigusa, na hii naiogopa sawasawa na moshi. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu mpaka nne kuliko hewa. Nchi kavu ukimwaga kidogo unaondoka, chomboni hauondoki, unashuka unakaa kwenye ngama, chini ya mbao, pale unapofua maji kila asubuhi. Hewa ikishakuwa na mvuke asilimia 1.4 inashika moto, na ukipiga hesabu, petroli ya kujaza kikombe kimoja au kimoja na nusu cha kahawa, vile vikombe vidogo vya barazani, ikigeuka mvuke yote inatosha kuifanya mita moja ya ujazo wa hewa iwe ya kulipuka. Kikombe cha kahawa! Wakati mimi naona watu wanajaza tangi usiku wa manane kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, bila faneli, chombo kinayumba, mashine inawaka ili taa zisizimike dagaa wakatawanyika, eksozi ipo kiganja kimoja kutoka kwenye mdomo wa tangi na mwenzake pembeni ana sigara.

Najua kwa nini hawazimi. Taa zikizimika wakati dagaa wamekusanyika kazi ya usiku mzima inapotea, na pale ndo chakula cha nyumbani. Kwa hiyo sikwambii tu zima, nakwambia panga mafuta yako. Jaza tangi pwani kabla hujatoka. Lijaze sio mpaka mdomoni, mafuta yanavimba kwa joto na chombo kikilala yanamwagika kwenye kabureta. Kama tangi halifiki asubuhi, chukua taa ndogo ya betri uitumie kushikilia dagaa hiyo robo saa ambayo umezima mashine ukaisubiri ipoe, ndo ujaze. Dagaa hawataki taa yote, wanataka mwanga usikatike. Kuna manahodha wanafanya hivi na mavuno yao hayajapungua. Dumu likae mbali na mashine, limefungwa, kivulini, liwe la petroli kweli sio chupa ya maji, manake mtu mwenye kiu gizani anashika chupa yoyote. Na ikimwagika usiwashe chochote, wala swichi, funua mbao, pitisha hewa, nusa mpaka chini kabisa. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe upande wa pili wa chombo na sio juu ya jenereta, moto ukianzia kwenye jenereta utaufikiaje? Maji ya bahari kwenye moto wa petroli hayasaidii, petroli inaelea juu yake inasambaa.

Umeme nitaupitia haraka. Waya uliofungwa kwa tepu juu ya tepu, soketi ya nyumbani imelala kwenye mbao zenye maji ya chumvi, mtu peku na mikono imelowa. Breka ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, ni kitu kizuri sana, ila mjue kwamba jenereta nyingi ndogo waya wake wa nyutro haujaunganishwa na bodi ya mashine, na hapo ile breka inaweza isikate mtu akishika waya, hata kama ukibonyeza kile kitufe cha kujaribia inaruka vizuri. Mpe fundi wa umeme anayeelewa aiangalie. Viungio viwe vya kuzuia maji na vining'inie juu, visilale chini.

Basi kama msimu huu lazima utoke na jenereta, na najua wengi hamna njia nyingine kwa sasa, mimi ningefanya hivi. Ningeifunga tezi kabisa, juu, wazi, kwa kamba pande nne isitembee, eksozi ikatazama nje ya chombo, pasiwe na boksi wala turubai juu yake. Mvua ikija kubwa taa zizimwe, bora tukose dagaa. Asilale mtu yeyote mashine ikiwaka, na kwenye kiboti cha taa wawe wawili sio mmoja, wapokezane na watu wa chombo kikubwa, na kila maji yanapogeuka mtu aangalie kile kipande cha kanga. Chombo chenye kijumba cha kulala kiwe na alamu ya CO. Huko Uingereza baada ya vifo kadhaa vya namna hii, tangu Aprili 2019 boti zinazokaguliwa kwenye mito na mifereji yao hazipiti ukaguzi kama zina chumba cha kulala na hazina alamu hiyo. Tafuteni iliyoandikwa EN 50291-2, ile namba 2 ya mwisho ndo ya vyombo na magari, imejaribiwa kwa mitetemo na unyevu, sio ile ya nyumbani. Ina tarehe ya kuisha nyuma yake, isomeni. Kwenye kiboti cha wazi alamu inasaidia pia ikifungwa usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, ingawa huko kinga kubwa ni kutokulala na kutokufunika. Wanaochaji mitungi ya kuzamia kwa kompresa ya petroli juu ya boti, tafadhali sana, mdomo wa kuvutia hewa uwe joshini mbali na eksozi, manake CO ukiipeleka ndani ya mtungi mzamiaji anaivuta chini kwenye presha na huko hakuna wa kumtoa.

Ila ukiniuliza mimi fundi jenereta ninayekula kwa jenereta, nitakwambia iache pwani. Taa za LED zimeshaibadilisha hesabu yote. Taa nne za wati 15 ni wati 60, ziwake saa 10, ni wati-saa 600. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ukitumia nusu yake tu isiharibike umevua usiku mzima, na mwanga wa taa hizo nne unakaribia mwanga wa balbu za zamani za wati 400. Paneli ya wati 200 kwa jua letu inaijaza tena kabla hujarudi baharini. Kule ziwa Viktoria wavuvi wengi wa dagaa wameshahamia kwenye taa za sola, wametoka kwenye karabai moja kwa moja. Gharama ya mwanzo inauma, sikatai, betri nzuri na taa zisizoingiza maji sio hela ya usiku mmoja, lakini lita nne za petroli kila usiku wa giza nazo zikokotoe mwaka mzima uone zinafika wapi.

Gharama hiyo asibebeshwe kijana wa kiboti cha taa. Mwenye chombo ndiye anayechukua fungu kubwa na mafuta yanakatwa kwenye mauzo kabla ya mgao, kwa hiyo betri na taa zikatwe hukohuko, msimu mmoja au miwili zimeshalipa. Kamati za wavuvi za shehia na BMU za bara, vile vikundi vya kusimamia uvuvi wa pwani, zinaweza kununua kwa pamoja zikapata bei ya jumla, na wakati zikikagua majaketi okozi ziulize na jenereta imefungwa wapi. Mimi nikiletewa mashine ya chomboni siku hizi naangalia eksozi kwanza kabla ya plagi, ikiwa imetoboka siirudishi mpaka imebadilishwa, na kama mwenyewe yuko tayari kubadilisha namfungia taa za betri kwa bei ya vifaa tu, ufundi simchaji.